Asali ya Nyanda za Juu Kusini na zile kilomita tatu

Neno oganiki limeanza kuzoeleka kwenye lebo za asali ya hapa kwetu. Utalikuta kwenye maduka ya vyakula ya Mbeya na Iringa, na kwenye vibanda vya Mafinga na Makambako ambako mabasi ya barabara ya Tanzam husimama, mahali ambapo asali hiyo hiyo iliwahi kuuzwa kwenye chupa ya maji iliyotumika, bila maandishi yoyote. Watu wameipokea lebo hiyo kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni ujanja wa kupandisha bei, maana nyuki hafungwi kamba, nani ajuaye katua wapi? Wengine wanashangaa kwa nini iandikwe kabisa: asali ya mfugaji wa kijijini, iliyorinwa kwenye mzinga wa gogo, itakosaje kuwa oganiki? Ninavyoona mimi, pande zote mbili zinatafuta jibu ndani ya chupa, na humo halimo. Asali ya mfugaji wetu inaweza kuwa oganiki, na kwenye baadhi ya maeneo ya mikoa hii iko karibu na masharti kuliko asali ya sehemu kubwa ya Ulaya. Ila sifa hiyo inatoka kwenye ardhi inayozunguka mzinga, kwenye mkono wa anayerina, na kwenye daftari lake. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, lebo ni mapambo.

Tuyatenganishe kwanza maneno, kwa sababu manne yanachanganywa kila siku. Asali halisi ni ile ambayo hakuna mtu aliyeichanganya na sukari guru wala shira. Asali mbichi ni ile ambayo haikupikwa wala kupashwa moto mkali. Asali ya porini ni ile iliyotoka kwenye mimea isiyopandwa na mtu. Asali hai, au oganiki kama wengi wanavyoiita, ni ile iliyozalishwa kwa kufuata kiwango fulani kilichoandikwa, na mtu mwingine asiye mfugaji akathibitisha hivyo. Asali inaweza kuwa halisi, mbichi na ya porini, na bado isiwe oganiki. Inaweza pia kuwa oganiki na ikachacha: miteremko ya Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na masega yakirinwa kabla nyuki hawajayafunika kwa nta, unyevu utapita asilimia 20, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha kimataifa, hata kama bonde zima halijawahi kuona dawa. Vile vipimo vya mtaani vya kuwasha kijiti cha kiberiti kilichochovywa asali, kudondoshea tone kwenye glasi ya maji, au kuangalia kama sisimizi wanaikimbia, havithibitishi hata uhalisi. Vinachopima zaidi ni uzito na unyevu, na shira nzito inaweza kuvifaulu. Maabara nayo ina ukomo wake. Inaweza kukuonyesha kwamba kiuatilifu fulani kimezidi kiwango, lakini hakuna mashine inayotoa jibu la “oganiki” au “si oganiki”, kwa kuwa kinachopimwa na neno hilo ni mwenendo wa uzalishaji, na mwenendo hauachi alama yake yote kwenye asali.

Kiwango chenyewe kipo. Afrika Mashariki ina EAS 456 ya mwaka 2007, ambayo alama yake sokoni ni Kilimo Hai. Umoja wa Ulaya una Kanuni 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kanuni hiyo ya Ulaya ndiyo inayoumiza vichwa zaidi kwa sasa, kwa sababu zamani mashirika ya ukaguzi yaliruhusiwa kutumia huku kwetu viwango vyao vilivyohesabiwa kuwa “sawa na” vya Ulaya, na sasa nafasi hiyo imefungwa: anayetaka kuuza kule kama oganiki anafuata kanuni yenyewe, neno kwa neno. Kwa upande wa nyuki masharti makuu yanaeleweka. Ndani ya umbali wa kilomita 3 kutoka kwenye manzuki, yaani mahali mizinga ilipowekwa, vyanzo vya mbochi (maji matamu ya maua) na chavua viwe kwa sehemu kubwa ni mimea ya asili, misitu, mazao ya kilimo hai, au mazao yanayohudumiwa kwa njia zisizo na madhara makubwa kwa mazingira. Manzuki iwe mbali na vyanzo vya uchafuzi. Mizinga iwe ya vitu vya asili. Nta mpya inayowekwa kwenye mzinga itoke kwenye uzalishaji oganiki. Nyuki wasilishwe sukari isipokuwa hali ya hewa imewaweka katika hatari ya kufa, na hata hapo sukari au asali yenyewe iwe oganiki. Ni marufuku kuua nyuki ndani ya masega ili kurina, na ni marufuku kutumia kemikali za viwandani kuwafukuza. Kisha kuna kipindi cha mpito cha mwaka mmoja kabla asali haijauzwa kwa jina hilo.

Sharti la kilomita 3 linatajwa haraka haraka, lakini ndilo lenye uzito kuliko yote. Duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 3 lina kilomita za mraba 28 na kidogo, yaani hekta 2,827, au karibu ekari 7,000. Mfugaji mwenye mizinga 20 kwenye nusu ekari anatakiwa kueleza kinachoendelea kwenye ekari 7,000 ambazo hazimiliki, hazilimi, na nyingi zake hajawahi kuzikanyaga. Kanuni haikutaja asilimia. Imesema “kwa sehemu kubwa”, na mkaguzi ndiye anayeangalia ramani na kuamua. Jambo la kuzingatia ni kwamba kinachohesabiwa ni maua: shamba ambalo halina ua lolote wakati kundi linakusanya lina uzito mdogo kuliko shamba dogo la alizeti lililochanua. Na umbali huo wa kilomita 3 si ukuta kwa nyuki. Chakula kikiwa kingi karibu, wengi wao hawavuki kilomita 1 au 2. Njaa ikiingia wanaweza kwenda 5 na zaidi, na duara la kilomita 5 lina kilomita za mraba 78. Kwa hiyo kilomita 3 ni makubaliano ya kiutendaji, mstari uliochorwa mahali ambapo sehemu kubwa ya mzigo wa nyuki inatoka.

Ukilitembeza duara hilo kwenye ramani ya Nyanda za Juu Kusini, picha inayojitokeza haifanani na neno moja la “asali ya Kusini”. Chunya, kwenye miombo mikubwa ya kaskazini mwa Mbeya, unaweza kuweka manzuki mahali ambapo kwa kilomita 3 kila upande ni miti ya asili inayochanua Septemba na Oktoba kabla ya mvua, na mingine kuelekea mwisho wa masika. Hapo kazi ya mkaguzi ni nyepesi. Lakini Chunya hiyo hiyo ina mashamba ya tumbaku na ina wachimbaji wadogo wanaochenjua dhahabu kwa zebaki, na vyote viwili vinasogea kila mwaka. Ua la tumbaku halina tatizo kubwa, kwani mkulima hulikata ili majani yanenepe. Tatizo ni dawa inayopeperushwa na maji yanayotoka kwenye vidimbwi vya uchenjuaji. Upande wa Idodi na Pawaga, kuelekea Hifadhi ya Taifa Ruaha, pori ni zuri hadi unapokaribia skimu za mpunga. Ilula ni habari nyingine. Nyanya za pale zinanyunyiziwa mara nyingi mno kwa msimu, na manzuki iliyo katikati ya mashamba hayo haiwezi kuitwa oganiki kwa lugha yoyote, hata kama mzinga ni wa gogo na mfugaji ni mcha Mungu.

Mufindi na Njombe ndiko penye ubishi wa kweli. Misitu ya kupandwa, ukiwemo wa Sao Hill, kwa macho ni kijani tupu, na wengi wanadhani msitu ni msitu. Misonobari haimpi nyuki mbochi. Inatoa chavua inayobebwa na upepo, basi. Milingoti ndiyo inayotoa asali, na mlingoti usiopigwa dawa unakubalika kwenye kanuni kama msitu usio wa oganiki. Swali la kuuliza ni umri wa kitalu kilicho jirani: miche ya mwaka wa kwanza na wa pili mara nyingi husafishwa magugu kwa dawa ya kuua majani, na magugu yanayopigwa huwa ndiyo yenye maua. Mashamba ya chai yanatisha wengi bure, kwa kuwa chai inayochumwa mfululizo haipati nafasi ya kuchanua. Viazi mviringo ndivyo vinavyonyunyiziwa dawa ya ukungu mara kwa mara wakati wa mvua. Halafu kuna parachichi, ambalo limebadilisha sura ya Njombe na Rungwe ndani ya muda mfupi. Ua la parachichi hutembelewa na nyuki na linawahitaji. Mkulima na mfugaji wana kila sababu ya kuwa marafiki. Lakini shamba la parachichi la kawaida linalopigwa dawa likiwa ndani ya kilomita 3, tena likiwa ndilo ua kubwa la msimu, asali ya msimu ule imepoteza sifa ya oganiki. Shamba la parachichi lenye cheti cha kilimo hai, kinyume chake, linaongeza sifa ya manzuki. Miti ni ile ile, na kinachotofautisha ni pampu iliyo mgongoni mwa kibarua.

Kitu ambacho ramani ya juu haikionyeshi ni maji. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, nyuki anahitaji maji ya kupoozea mzinga na kulishia majana, yaani watoto wa nyuki, na vijito vidogo vimekauka. Anakwenda kwenye vinyungu. Kila aliyezoea mabonde ya Iringa anajua kinyungu kilivyo: matuta ya kabichi, maharage na nyanya yaliyobanwa kwenye unyevu wa bonde, mfereji mwembamba katikati, na pembeni ya mfereji mtu anachanganya dawa ndani ya pampu ya lita 16, anasuuza kifuniko cha kupimia, maji yaliyobaki anayamwaga pale pale. Ukiinama kwenye tope la ukingo wa mfereji saa nne asubuhi utawaona nyuki wamejipanga, ulimi chini, wananyonya. Manzuki inaweza kuwa na miombo kwa asilimia 90 ya duara lake na bado ikapata sumu kupitia tundu hilo moja. Dawa yake ni rahisi na inajulikana: maji safi yawekwe ndani ya mita 100 au 200 za manzuki, kwenye beseni lenye mawe au vijiti ili nyuki wasizame, yaanze kuwekwa kabla kiangazi hakijakolea. Nyuki akishazoea chanzo cha maji ni vigumu kumhamisha, kwa hiyo ukichelewa hadi Septemba umechelewa kweli.

Hapa ndipo inapokuja hoja inayorudiwa kuliko zote na wanaotetea kwamba asali ya kijijini haihitaji kuulizwa maswali: nyuki akigusa dawa hufia shambani, hafiki nyumbani, kwa hiyo asali ni safi daima. Ni hoja inayovutia kwa kuwa nusu yake ni kweli. Dawa kali ya wadudu ikimwagwa mchana juu ya ua lililo wazi, nyuki wengi wanaanguka pale pale, na mfugaji anaona kundi limepungua bila maiti mlangoni. Lakini dawa za ukungu na za magugu hazikutengenezwa kuua wadudu. Nyuki anazibeba akiwa mzima na kuziingiza mzingani. Zipo pia dawa za wadudu zinazopandishwa na mmea kutoka kwenye mbegu au mizizi hadi kwenye chavua, kwa kiasi kidogo kisichoua papo hapo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu za aina hiyo kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018, ikiwemo imidacloprid, kwa sababu ya nyuki. Na nta ni kama sifongo: dawa nyingi zinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, zinakaa kwenye masega miaka. Tangu viwavijeshi vamizi viingie nchini mwaka 2017, mahindi nayo, ambayo zamani mkulima mdogo aliyapiga dawa kwa nadra, yanapigwa, na nyuki hukusanya chavua ya mahindi. Anayesema “wazee wetu walirina hivi hivi” anasahau kwamba mahindi ya wazee hayakuwa na pampu.

Hoja ya upande wa pili ina nguvu zaidi na inastahili kujibiwa kwa heshima: kama huwezi kumfunga nyuki, basi hakuna asali oganiki popote, na cheti ni biashara ya karatasi. Ukweli ni kwamba kiwango hakijawahi kuahidi asali isiyo na chembe ya kitu kigeni. Mkulima wa kahawa hai kule Mbozi naye hadhibiti mvua wala upepo unaotoka kwa jirani. Anachothibitishiwa ni kwamba yeye hakutumia vilivyokatazwa, na ameweka umbali na kinga inayofaa. Kwa asali, umbali huo ni ule wa kilomita 3. Kwa nchi iliyojaa mashamba, kama Uholanzi, duara hilo ni karibu muujiza kulipata. Kwa pori la Chunya ni jambo la kutembea na kuchora. Ndiyo maana asali ya misitu ya kusini mwa Afrika, ikiwemo ya mizinga ya magome ya kaskazini-magharibi mwa Zambia, imeuzwa Ulaya kama oganiki kwa miongo kadhaa. Wakosoaji wako sawa kwa jambo moja: lebo isiyo na ramani nyuma yake ni maneno matupu. Ila dawa ya hapo ni kudai ramani.

Tukija kwenye mkono wa mfugaji, mzinga wa asili una faida ambazo wenyewe hatuzitangazi. Nta ya Ulaya imebeba mabaki ya dawa za utitiri wa varroa, kimelea cha nyuki, zilizotumika miaka mingi, na anayenunua karatasi za nta kutoka nje kwa ajili ya fremu anaweza kuwa ananunua mabaki hayo. Mzinga wa gogo hauhitaji nta ya mtu. Mzinga wa viunzi juu, wenye vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza masega, unahitaji mstari mwembamba tu wa nta kwenye kila kiunzi chenye upana wa milimita 32, na mfugaji anaweza kuitoa kwenye masega yake mwenyewe. Utitiri wa varroa upo Tanzania, lakini makundi yetu yanaishi nao bila kutibiwa, na hapo mfugaji wa Kilolo amemzidi mwenzake wa Ujerumani anayelazimika kuhesabu tindikali za kutibu utitiri na tarehe zake. Sukari nayo hatulishi, kwa kawaida; kundi likikosa chakula linahama.

Makosa yetu yako kwingine, na ni ya kizembe zaidi kuliko ya kisayansi. Kosa la kwanza ni moto. Kurina usiku kwa mwenge wa nyasi uliowashwa mdomoni mwa gogo kunachoma nyuki na majana pamoja, na hilo peke yake linaondoa sifa ya oganiki hata kama pori ni safi kama lilivyoumbwa. La pili ni kinachowekwa kwenye bomba la moshi: matambara yenye mafuta, vipande vya raba, magunia ya plastiki. Moshi wa vitu hivyo unaingia kwenye nta na asali iliyo wazi; samadi kavu ya ng'ombe, magunzi na majani makavu vinatosha kabisa. Oili chafu ya gari inayopakwa kwenye nguzo za mzinga kuzuia siafu inachafua udongo na miguu ya nyuki, na kila mkaguzi huiona kabla hajashuka kwenye pikipiki. Grisi kidogo ndani ya kopo lililofunikwa, au nguzo iliyosimama kwenye chombo cha maji, hufanya kazi hiyo hiyo. Mbao nazo zina mtego wake, hasa kwa anayechonga mizinga karibu na viwanda vya mbao vya Mafinga: kipande cha bei rahisi chenye rangi ya kijani kimetiwa dawa ya mchwa, na mzinga uliotengenezwa nacho ni wa kutupa. Kisha kuna chombo. Asali ni tindikali, pH yake huwa karibu 4, na ndoo ya bati inayeyusha zinki taratibu ndani yake. Ndoo iliyokuwa ya rangi au dumu lililokuwa la dawa vina harufu ambayo haitoki kwa sabuni. Ndoo nyeupe ya plastiki ya chakula yenye mfuniko unaobana ni gharama ambayo haina mjadala. Mwisho ni mzinga wa gome: mti unaochunwa mzunguko mzima ili kupata mzinga mmoja unakufa, na mfugaji anayeua mti ili auze asali ya msitu anakata tawi alilokalia.

Kuna jambo la pembeni linalochekesha kidogo. Pareto, zao la Makete, Mufindi na Umalila, ndiyo malighafi ya dawa inayoruhusiwa kwenye kilimo hai duniani kote, na dawa hiyo ni kali sana kwa nyuki. Inaharibika haraka juani, kwa hiyo ikipigwa jioni nyuki wakiwa wamelala madhara yanapungua. Ikipigwa saa tano asubuhi shambani penye maua, jirani mwenye cheti cha kilimo hai anaua kundi lako kihalali kabisa. Oganiki na usalama wa nyuki ni mambo mawili tofauti. Na asali ya nyuki wadogo wasiouma, ile inayouzwa ghali kama dawa, haihusiki na mjadala wa Ulaya kabisa: kule asali, kwa tafsiri ya sheria yao, ni ya nyuki wa Apis mellifera, yaani nyuki wa asali wa kawaida wanaouma, peke yake.

Tuje kwenye karatasi, mahali ambapo wafugaji wengi wanakata tamaa. Malalamiko kwamba cheti ni ghali ni ya haki. Mkaguzi analipwa kwa siku zake na safari yake, siyo kwa kilo, kwa hiyo mfugaji mwenye ndoo tano hawezi kumlipia peke yake hata bei ikipanda maradufu. Njia ya Ulaya ni kikundi: chombo kimoja chenye usajili kisheria, kisichozidi wanachama 2,000, chenye mfumo wa ukaguzi wa ndani na kinachouza kwa pamoja. Shirika la ukaguzi linarudia kukagua angalau asilimia 5 ya wanachama kila mwaka, na linachukua sampuli za angalau asilimia 2. Faida yake ni kugawana gharama. Hatari yake haisemwi vya kutosha: mfumo wa ndani ukikutwa umelala, wanaofukuzwa ni kikundi kizima, pamoja na wale waliofanya kazi yao vizuri. Kwa soko la ndani kuna njia nyepesi, ya uhakiki shirikishi, ambapo wafugaji wanakaguana wenyewe kwa kiwango cha EAS 456 na kupata alama ya Kilimo Hai. Shirika la TOAM, jumuiya ya kilimo hai ya Tanzania, limekuwa likiisimamia kwa mazao mbalimbali. Kwa mfugaji wa Isimani anayeuza Iringa mjini, njia hii inatosha. Haifungui mlango wa soko la Hamburg, na mtu asidanganywe kwamba inaufungua.

Na kumbukumbu zenyewe si nyingi kama zinavyotishia. Kila mzinga unahitaji namba iliyopigwa kwa chuma cha moto. Manzuki inahitaji ramani moja ya duara la kilomita 3, iliyochorwa kwa simu yenye picha za setelaiti kisha ikatembelewa kwa miguu mara mbili kwa mwaka, kiangazi kwa ajili ya vinyungu na masika kwa ajili ya mazao ya mvua, ikionyesha nani analima nini na anapiga dawa gani mwezi gani. Daftari linahitaji tarehe ya kila urinaji, namba za mizinga iliyorinwa siku hiyo, uzito wa kila ndoo, na aliyeuziwa. Ndoo inapata namba ya kundi la uzalishaji. Hapo mnunuzi akilalamikia ndoo moja, unarudi nyuma hadi kwenye mizinga saba na siku moja, badala ya kutupa tani nzima. Vikundi vingi vinakwama kwenye kitu kidogo: asali ya wanachama inamiminwa kwenye pipa moja siku ya mauzo kabla namba hazijaandikwa, na kuanzia dakika hiyo hakuna ajuaye ipi imetoka Chunya na ipi imetoka kwa shemeji wa mjumbe anayekaa karibu na nyanya.

Yote haya yana matokeo ambayo mfugaji peke yake hawezi kuyabeba. Manzuki iliyokidhi masharti mwaka huu inaweza kuyakosa mwaka kesho bila mwenyewe kugusa kitu, kwa sababu tu mtu aliye kilomita 2 mbali amefyeka pori akapanda parachichi na kununua pampu. Ndiyo maana mjadala wa oganiki, ambao tumeuacha kwa wafanyabiashara wa lebo, ni mjadala wa mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002 inaruhusu kutengwa kwa hifadhi za nyuki, zikiwemo za kijiji, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka huo huo inaruhusu misitu ya hifadhi ya kijiji. Zana zipo. Lakini hesabu inabana: kijiji kikitenga hekta 200 kwa ajili ya nyuki, na hilo kwa kijiji cha Mufindi au Rungwe ni dhabihu kubwa, kimefunika takriban sehemu moja kati ya 14 ya duara. Sehemu 13 zilizobaki ziko kwa watu wengine, na nyingi zinavuka mpaka wa kijiji kwenda kwa jirani mwenye halmashauri yake, sheria ndogo zake na vinyungu vyake. Makubaliano yanayohitajika ni madogo na mahususi: dawa ipigwe baada ya saa kumi na mbili jioni, mashamba yaliyochanua yasipigwe, pampu zisisuuzwe kwenye mfereji, na anayetaka kufungua shamba jipya litakalopigwa dawa ndani ya duara aseme kabla ya msimu ili mizinga ihamishwe. Vikao vya namna hiyo vinaitishwa kwa ajili ya ng'ombe na mipaka kila mwaka. Kwa ajili ya nyuki bado ni nadra, na wafugaji wanaotaka lebo hiyo ndio wanaopaswa kuviitisha, wakiwa na ramani mkononi.